Tarakilishi Hizo Hazijafa

Kabla sijaanza naomba radhi kwa walimu wangu, maana haya nitakayoyaandika huenda yakaonekana kama utovu wa nidhamu. Si utovu. Ni uchungu tu wa mtu aliyeona kitu kikizikwa kingali hai.

Mwanzoni mwa muhula wa kwanza niliingia katika chumba chetu cha tarakilishi nikahesabu. Mashine ishirini. Saba kati ya hizo zilikuwa zimebandikwa karatasi yenye neno moja kwa wino mwekundu: IMEKUFA. Sisi wa Kidato cha Tatu tuliochagua somo hili tu 44, kwa hivyo fanya hesabu wewe mwenyewe. Watatu au wanne kwa mashine moja, mmoja anachapa na wengine wanachungulia begani kwake kama watu wanaosoma gazeti la mwenzao ndani ya matatu. Dakika arobaini zinaisha, kengele inalia, na wewe hujagusa hata kitufe kimoja.

Maoni yangu nayatoa mapema ili usinishuku. Nyingi ya mashine hizo saba hazikuwa zimekufa. Zilikosa faili mbili tatu za kuwashia, au kitu kidogo kuliko hicho. Na sisi wanafunzi tufunzwe kuzirudisha, badala ya kufungiwa mlango tukimngoja fundi aje kufuta kila kitu.

Mbona nasema kufuta? Turudi nyuma kidogo, hadi muhula wa pili wa mwaka jana. Tarakilishi nne zilizotumiwa na Kidato cha Nne zilikataa kuwaka kwa wiki moja. Fundi akaletwa kutoka mjini, jamaa mpole, mwenye begi jeusi. Alipiga kazi kuanzia saa nane mchana, na kufikia saa kumi zote nne zilikuwa zinang'aa. Tuliokuwa tukichungulia dirishani tulipiga makofi. Kesho yake asubuhi dada mmoja wa Kidato cha Nne akaketi kwenye mashine yake, akafungua mahali pa kazi yake, hakukuta kitu. Fundi alikuwa amefomati diski na kuweka Windows upya. Mradi wake wa karatasi ya tatu ya KCSE, ule mfumo wa kuweka rekodi za zahanati ambao alikuwa ameujenga tangu Januari, ulikuwa umekwenda na maji. Nakala ya flashi hakuwa nayo, kwa sababu sheria ya chumba inakataza flashi, eti zinaleta virusi.

Dada yule hakulia. Aliketi tu sakafuni, mgongo ukutani, akawa anaangalia viatu vyake. Kwa wiki tatu zilizofuata alibaki shuleni hadi saa kumi na mbili jioni akiandika upya. Na kumbuka yetu ni shule ya kutwa. Wenye mabweni wakimaliza wanavuka uwanja tu na kufika kitandani. Yeye alikuwa na mwendo wa saa nzima kwa miguu, na kuna ile sehemu ya daraja ambayo hata mimi mvulana siipendi giza likiingia.

Fundi simlaumu. Aliambiwa afanye ziwake, akafanya ziwake. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani mlikuwa na jasho la watu.

Sasa nije kwa mjomba. Mjomba wangu ana kibanda karibu na steji ambapo anatengeneza simu, anachapisha barua na kuwasaidia wazee na mambo ya eCitizen. Jumamosi huwa namsaidia. Jambo la kwanza alilonifunza ni kutosema mashine imekufa kabla ya kuisoma. Mteja akija na tarakilishi, mjomba anauliza: Je, taa inawaka? Feni inazunguka? Kiwambo kinaandika nini? Watu wengi hawajui kiliandika nini, walishtuka tu wakazima. "We kijana," aliniambia siku moja, "umewahi kuona maiti akiandika barua? Hii imekuandikia, basi iko hai. Soma barua."

Na kweli ni barua. Kwenye mashine za zamani za Windows XP barua hiyo husema kwamba NTLDR haipo. Kwenye Windows 7 husema BOOTMGR haipo, na kukuagiza ubonyeze Ctrl, Alt na Del ili ianze tena. Zile mpya huleta ukurasa wa buluu wenye namba kama 0xc000000f. Sisi tukiona Kizungu kile cheupe juu ya kiwambo cheusi, tunakimbilia karatasi na wino mwekundu.

Wacha nieleze kinachotendeka, na wale wa somo la Fizikia wanivumilie nikirahisisha. Fikiria shule yetu alfajiri. Wa kwanza kuamka ni mlinzi wa lango. Huyo ndiye BIOS, programu ndogo iliyomo ndani ya kidude kwenye ubao mkuu wa mashine. Mlinzi anakagua kama vitu vipo: kumbukumbu, kibodi, diski. Hajui lolote kuhusu masomo. Akimaliza anakwenda kwenye diski na kusoma kikaratasi kimoja tu mwanzoni kabisa, baiti 512, ambacho kinamwelekeza kwa kiranja mwenye funguo. Kiranja huyo ndiye BOOTMGR. Naye ana daftari lake, linaitwa BCD, lililoandikwa Windows inakaa sehemu gani ya diski. Anasoma daftari, anafungua, na shule inaanza.

Sasa kiranja asipofika, je, shule imekufa? Madarasa yapo, madawati yapo, vitabu vyenu viko ndani ya kabati kama mlivyoviacha jana. Kinachokosekana ni mtu mmoja na daftari lake. Kufomati diski ili mashine iwake ni sawa na kubomoa shule nzima na kujenga nyingine kwa sababu kiranja wa funguo amechelewa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Halafu kuna jambo lililonishangaza zaidi. Kwenye Windows 7 na zilizofuata, nakala ya faili hizo za kuwashia imo humo humo ndani ya folda ya Windows. Ipo amri moja tu, bcdboot, ambayo kazi yake ni kuzichukua kutoka huko na kuziweka mahali kiranja anapostahili kusimama. Tulikuwa tunatafuta fundi mjini na dawa iko nyumbani!

Nilimwendea mwalimu wetu wa somo nikamwomba nijaribu mashine moja. Akakataa. Nikangoja wiki moja, nikarudi: "Mwalimu, naomba saa ya chakula cha mchana tu, nawe uwepo." Akaniangalia kwa muda, kisha akasema atakuwepo anasahihisha madaftari, na nikisikika nikisema "lo!" hata mara moja nitatoka. Githeri ya siku hiyo sikuionja.

Nilianza na nambari 11. Mjomba alinionya kwamba kabla ya kugusa chochote nichunguze nyuma ya mashine. Kumbe kulikuwa na kiflashi kidogo cheusi kimechomekwa nyuma, kimejaa vumbi, hakuna ajuaye ni cha nani! Mlinzi alikuwa akienda kwenye flashi kwanza badala ya diski, hamkuti kiranja huko, anaandika kwamba hayupo. Nilikichomoa, nikawasha, ikawaka. Dakika moja. Karatasi ya IMEKUFA ilikuwa imekaa pale tangu mwezi wa tisa.

Nambari 3 ilikuwa inaonyesha tarehe ya miaka mingi iliyopita kila ilipowashwa. Hiyo ni dalili ya betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu iliyo kwenye ubao mkuu. Ikiisha, mlinzi anasahau saa na anaweza kusahau pia aanze na diski ipi. Ya kwetu ilikuwa imegeuka, inatafuta mtandao kwanza. Betri nilinunua kwa shilingi 50 pesa zangu mwenyewe, na bado sijarudishiwa. (Mweka hazina, unasoma?)

Nambari 7 ndiyo iliyokuwa mgonjwa hasa. BOOTMGR haipo, flashi hakuna, betri nzima. Stima ilikuwa imepotea mara mbili wiki ile ilipoacha kuwaka, mashine ikazimika ghafla katikati ya kazi, na hali kama hiyo inaweza kuharibu faili. Hapa nilifanya kitu ambacho naomba kila anayesoma akishike, hata akisahau mengine yote. Kabla ya kutengeneza, nilitoa kazi za watu. Mjomba alikuwa amenipa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye diski ya mashine. Niliuwasha, nikafungua diski ya nambari 7, na folda zote zilikuwepo. Zote! Insha, majedwali, hata picha za ziara ya Kidato cha Pili. Nilizinakili kwenye diski ya pembeni mwalimu akishuhudia. Nadhani ni wakati huo alipoweka kalamu chini na kuvuta kiti.

Kisha nikaingiza DVD ya Windows 7. Inakuonyesha kitufe kikubwa cha kuweka Windows upya, na kitufe hicho ndicho mtego, maana kiko katikati kinakuita. Cha kutengeneza ni maandishi madogo pale chini upande wa kushoto. Nilichagua hayo. Kwanza nikaiacha ijitengeneze yenyewe. Ilizunguka weee, ikashindwa. Mjomba alikuwa amesema wakati mwingine inahitaji kurudiwa hadi mara tatu. Nikarudia, ikashindwa tena, na kusema kweli subira ikaniisha. Nikafungua kile kiwambo cheusi cha amri.

Hapa pana shimo ambalo wengi hutumbukia. Ukiwasha kwa DVD, herufi za diski zinaweza kubadilika. Ile uliyozoea kuiita C huenda ikaitwa D, kwa sababu Windows 7 inapowekwa hutenga sehemu ndogo ya megabaiti 100 iliyofichwa, ambamo kiranja na daftari lake hukaa, na DVD inaipa sehemu hiyo herufi C. Kwa hivyo kwanza niliandika dir D: nikaona folda ya Windows iko huko. Nikaikagua diski kwa chkdsk, ikachukua muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha nikaandika:

bcdboot D:\Windows /s C:

Ikajibu kwa mstari mmoja kwamba faili za kuwashia zimeundwa. Nikatoa DVD, nikawasha upya. Zile rangi nne za Windows zilipotokea zikizunguka gizani, mimi ndiye niliyesema "lo!" na mwalimu hakunitoa.

Sasa najua kuna watakaosema: huyu anajisifu, na hoja ya walimu ameikwepa. Hoja ya walimu ni kwamba mwanafunzi akiruhusiwa kugusa ataharibu. Wacha niseme ukweli wangu wote basi. Niliharibu.

Baada ya nambari 7 kichwa kilinivimba. Nikaenda kwenye nambari 14, ambayo haikuwa hata na karatasi, ilikuwa inawaka vizuri tu! Ni mpya kidogo, ina Windows 10, na mlinzi wake ni wa aina ya kisasa inayoitwa UEFI, ambaye hasomi kile kikaratasi cha baiti 512 bali anafungua folda iitwayo EFI kwenye sehemu yake maalumu ya diski. Mimi nikaingia kwenye mipangilio, nikaona neno UEFI na neno Legacy, nikabadilisha nione itakuwaje. Ikawa haioni diski ya kuwakia. Nilizima, nikafunika kwa kitambaa chake, nikaondoka. Siku mbili nilinyamaza. Darasani nilikuwa siwezi kumtazama mwalimu, na usiku wa pili sikulala vizuri. Mbio za sakafuni, mpenzi msomaji, nilizijua ukingo wake.

Siku ya tatu nilimwambia. Aliniadhibu kwa haki, nikafagia chumba kile wiki nzima. Mjomba naye alicheka hadi akakohoa, kisha akaniambia nirudishe tu neno nililobadilisha. Nilirudisha. Ikawaka.

Kwa hiyo walimu wana haki ya kuogopa. Lakini linganisheni makosa haya mawili. Langu lilirekebishwa kwa dakika moja, kwa sababu nilibadilisha neno, sikufuta kazi ya mtu. Lile la mwaka jana lilifanywa na mtu mzima mwenye risiti, na halikurekebishika. Basi anayefaa kuogopwa zaidi ni yule anayefuta bila kutoa nakala, awe mwanafunzi au fundi. Na kosa langu la nambari 14 lilitokana na kutofunzwa. Niligusa kwa siri kwa sababu kugusa kwa wazi ni marufuku.

Ningependa kwanza ile karatasi ya IMEKUFA ipigwe marufuku kabisa. Mahali pake pawekwe karatasi yenye maneno yale yale yaliyoandikwa na kiwambo, pamoja na tarehe. Atakayekuja, awe fundi au mwanafunzi, atakuwa na pa kuanzia. Kuhusu flashi, nakubali virusi vipo, nimeviona kwa mjomba vikigeuza folda zote kuwa vijia vya mkato. Lakini shule inaweza kuwa na diski moja ya pembeni anayoishika mwalimu, na kila Ijumaa kazi za Kidato cha Nne zinakiliwe humo. Dada yule hangekaa sakafuni. Tena kila darasa litoe wawili, mvulana na msichana, wafunzwe kutengeneza mwalimu akiwepo, na waandike kwenye daftari kila wanachobadilisha kabla ya kukibadilisha. Hilo la daftari nimelijifunza kwa ufagio.

Wako watakaoniambia mashine hizi ni kuukuu, Windows 7 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, na hata Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, tungoje mpya. Sikatai mpya, zije hata kesho! Na ni kweli mashine ya Windows 7 si salama kuiunganisha na intaneti. Lakini kuchapa, kupanga majedwali na kujenga mradi wa karatasi ya tatu hakuhitaji intaneti. Kidato cha Nne hakiwezi kumwambia mtahini kwamba mashine ilikuwa njiani inakuja.

Mtauliza mambo haya yanahusu nini jarida la Chama cha Kiswahili. Yanahusu sana. Nimeona wenzangu, hodari kuniliko, wakirudi nyuma mbele ya barua ile ya kiwambo kwa sababu tu imeandikwa kwa lugha ya kutisha. Nilipomwambia mmoja wao kwamba maneno yale yanasema tu "kiranja wa kuwasha hayupo, jaribu tena," alicheka na kuuliza kiranja ameenda wapi, na hilo ndilo swali lenyewe hasa. Naomba Chama kinisaidie kuandika bango moja la Kiswahili, libandikwe karibu na mlango: kila barua ya kiwambo na maana yake, na la kufanya kwanza. Istilahi tutabishana. Mimi nimeandika tarakilishi humu kwa kuogopa kukatwa alama, lakini nyumbani nasema kompyuta, na kuna mwalimu mmoja anayeshikilia ngamizi. Faili za kuwashia sijapata jina bora kuliko hilo, mwenye nalo alete.

Mwalimu ameshakubali bango. Kuhusu wale wawili wa kila darasa, amesema atalifikisha kwa Mwalimu Mkuu, na mpaka ninapoandika sijasikia jibu.

Kati ya zile saba, tano zinawaka sasa. Mbili za mwisho zilikuwa na ugonjwa wa nambari 7. Ya 16 sitaigusa, na yeyote asiiguse. Diski yake inagonga tik tik tik kama saa ya ukutani, na mjomba anasema diski inayogonga hivyo izimwe na isiwashwe tena mpaka apatikane anayejua kuokoa data. Imebaki nambari 9. Inalalamika juu ya daftari la BCD. Nitaitazama Alhamisi wakati wa chakula cha mchana, mwalimu atakuwepo. Anayetaka kuja aje na daftari na penseli, na ale kwanza.